Saa Moja ya Maji: kisa cha bwawa la umma na wanawake wa mtaa mmoja wa London

Usuli

Kisa hiki kilitokea kati ya vuli ya 2018 na Machi 2020, katika mtaa mmoja wa London mashariki. Sitautaja mtaa, wala bwawa, wala shirika lililoliendesha kwa mkataba wa halmashauri. Baadhi ya wanawake nimewabadilishia umri na kazi, pale ambapo jirani angeweza kuwatambua. Mimi nilikuwa mratibu wa kikundi cha akina mama, nikilipwa siku mbili kwa wiki.

London ni mji ambao mtu akizungumzia "wenyeji" inabidi umuulize ana maana gani. Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 8.8, na takriban wanne katika kila kumi walizaliwa nje ya Uingereza. Waliojiandika kuwa Waingereza weupe walikuwa asilimia 36.8. Mtaa wetu ulikuwa umechanganyika zaidi ya hapo. Katika ngazi za jengo moja tu ungepita mlango wa familia ya Kibangladeshi, wa mzee wa Kiingereza aliyezaliwa barabara ya pili, wa muuguzi ambaye wazazi wake walitoka Jamaika, na wa bibi wa Barawa.

Hao Wabarawa ndio walioanzisha jambo hili. Ni watu wa mwambao wa Somalia ya kusini, na lugha yao ya Chimwini, ambayo wengine huiita Chimbalazi, ni ndugu wa Kiswahili. Mimi na wao tulielewana kwa kukaza sikio kidogo. Wengi walifika Uingereza wakikimbia vita vilivyoanza mwaka 1991. Waliokuwa wasichana wakati huo sasa ni mama wazima, na waliokuwa mama sasa ni bibi wenye magoti mabovu na sukari kwenye damu.

Muuguzi wa zahanati aliwaambia wanne kati yao waogelee, kwa sababu maji hubeba uzito ambao goti haliwezi kuubeba. Walikwenda pamoja asubuhi ya Jumanne. Walisimama nje. Bwawa lile lilijengwa kwa ukuta wa kioo upande wa barabara, ili wapita njia wavutiwe kuingia. Walitazama kupitia kioo kile, wakaona kila kitu, wakajua kwamba nao wangeonekana vivyo hivyo. Wakarudi nyumbani.

Yaliyotokea

Mmoja wao alikuja ofisini kwetu wiki hiyohiyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa, akasema kwa sauti ya kuomba radhi: "Tunataka maji, lakini hatutaki barabara itutazame." Niliandika barua halmashauri siku hiyo.

Jibu lilikuja haraka na kwa ukarimu, na nataka lieleweke hivyo, kwa sababu watu wa kisa hiki hawakuwa waovu. Ofisa wa jamii alisema wangetoa kipindi kimoja kwa wiki, Jumatano saa saba mchana hadi saa nane, na kukiita "kipindi cha kuogelea cha akina mama Waislamu". Tangazo lilichapishwa likiwa na kivuli cha mwanamke aliyejifunga mtandio, na maelezo kwa Kiingereza, Kibengali na Kisomali. Mkalimani wa Kisomali aliletwa kwenye siku ya kujiandikisha.

Hapo ndipo dosari ya kwanza ilipojitokeza, nami nilikuwepo nikaiona na kuiacha ipite. Mkalimani alikuwa kijana mwenye adabu, lakini bibi zetu walimjibu kwa Kisomali cha kubahatisha, cha sokoni. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kabila na rangi. Bibi wa kwanza aliulizwa: Mwafrika mweusi, Mwarabu, au mchanganyiko? Akanigeukia. "Niandike nini?" Watu wa ukoo wake hujihesabu kwa mji na kwa nasaba, si kwa rangi. Dada yake wa damu, aliyekaa kiti cha pili, alikuwa ameshaweka alama kwenye Mwarabu. Yeye, baada ya kusitasita, aliweka kwenye Mwafrika mweusi, akisema ndivyo wanavyomwona kwenye basi. Ndugu wawili wa tumbo moja wakaingia ofisini kama watu wa rangi mbili.

Siku ya kwanza walikuja wanawake kumi na mmoja. Pazia lililofungwa kwenye kioo halikufika mwisho. Vioo viwili vya kona vilibaki wazi. Mwokoaji wa kike aliyepangwa aliumwa, na aliyeletwa badala yake alikuwa kijana wa kiume, ambaye maskini alikaa kwenye kiti chake kirefu akitazama dari kwa aibu. Watano hawakuingia majini kabisa. Walikaa kwenye benchi na nguo zao zote mpaka saa ikaisha.

Mmoja wa walioingia alivaa dera la pamba. Nitalieleza jambo hili polepole, kwa kuwa ndipo nilipojifunza zaidi. Dera kavu ni jepesi kama karatasi. Likiingia majini hujaa, likapanda hadi kifuani kama puto, kisha likalowa na kushuka, likamzunguka mwenyewe miguu. Mama yule alikuwa kwenye kina cha kiuno tu, lakini alipotaka kugeuka hakuweza kupiga hatua. Kijana yule alipuliza filimbi na kumwamuru atoke. Alikuwa sahihi: nguo ile ingeweza kumzamisha, na nyuzi za pamba huziba vichujio vya maji. Lakini alisema kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza, na kwa kidole, mbele ya binti yake. Mama alipanda ngazi huku kilo kadhaa za maji zikimvuta chini, na kila mtu akimtazama. Hakurudi tena kwa miezi mitatu.

Wiki ya pili, mwanamke mmoja aliyekuwa amemaliza zamu ya usiku hospitalini alifika pale mapokezini akiwa na tiketi yake. Alikuwa Mwingereza mweusi wa asili ya Karibea, muuguzi, binti wa watu waliohamia Uingereza katika miaka ya sitini. Aliambiwa: "Samahani, hiki ni kipindi cha Waislamu." Aliuliza kama ni kipindi cha wanawake. Akajibiwa ndiyo, wanawake Waislamu. Alibandua lile tangazo ukutani, akaja nalo mpaka kwetu, akaliweka mezani pangu.

Hakupiga kelele. Alisema: "Nimekuwa nikiomba saa ya wanawake hapa tangu watoto wangu wadogo. Niliambiwa hakuna nafasi. Kumbe nafasi ipo, ila si ya mwanamke kama mimi." Nilianza kumweleza habari za bibi na magoti. Akanikatiza: "Sina ugomvi na bibi zako. Nakuuliza wewe, ulipopewa tangazo hili, hukuona kwamba limenifungia mlango?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliona, na nilikuwa nimefurahi tu kwamba mlango wetu umefunguka.

Wiki hiyohiyo mama mzee wa Kiingereza, mkazi wa mtaa ule tangu utoto, alinisimamisha barabarani. Aliwahi kukatwa titi kwa sababu ya saratani na hakuwa ameogelea tangu hapo, miaka saba. Aliuliza, kwa wasiwasi wa mtu anayeogopa kukosea neno, kama angehitaji kuvaa mtandio ili aruhusiwe.

Kisha ikaja barua ya mwanamume mmoja aliyezoea kuogelea mchana. Alidai anabaguliwa, na kwamba fedha za umma zinatumika kwa dini moja. Meneja wa bwawa alinipigia simu Ijumaa jioni akasema huenda kipindi kikafungwa kabla ya Jumatano.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kipindi sisi wenyewe kwa wiki tatu. Wenzangu wawili walipinga vikali. Waliamini kitu kinachofungwa katika mji huu hakifunguliwi tena. Niliona kwamba tukiendelea na jina lile, tungeshindwa kwa haki. Sheria ya Usawa ya 2010 inaruhusu huduma ya jinsia moja ikiwa ipo sababu ya msingi na hatua yenyewe ni ya kiasi. Mojawapo ya hali inazozitaja ni pale mtu anapoweza, kwa sababu inayoeleweka, kupinga kuwepo kwa mtu wa jinsia nyingine. Kuvua nguo na kuingia majini ni mfano ulio wazi. Lakini kipindi cha bwawa la umma kilichotengwa kwa wafuasi wa dini moja pekee hakina kinga hiyo. Yule bwana wa barua alikuwa na hoja nusu, na nusu hiyo tulimpa sisi kwa lile tangazo.

Wa pili ulikuwa kubadilisha swali. Fomu ya halmashauri iliuliza: "Utamaduni wako unahitaji nini?" Swali hilo linamtaka mtu awe msemaji wa kabila lake. Bibi wa Barawa alilijibu kwa kusema anachodhani anatakiwa kusema: stara. Muuguzi wa Karibea hakulijibu kabisa, kwa sababu hakuna aliyemhesabu kuwa na utamaduni. Alihesabiwa kuwa na rangi. Mama wa Kiingereza hakupewa fomu. Kwa hiyo tuliwaita wote ukumbini jioni moja, wanawake kama thelathini, tukauliza swali jingine: mara ya mwisho ulipotaka kuingia majini ukaacha, ni nini hasa kilikuzuia? Kila mmoja aeleze siku ile, si maisha yake yote.

Majibu yalinishangaza, ingawa nilikuwa nimefanya kazi nao miaka. Kioo kilitajwa na karibu kila mtu, pamoja na Waingereza weupe. Mwokoaji wa kiume alitajwa na Waislamu wengi, na pia na msichana mmoja wa Kipolandi ambaye hakutaka kueleza kwa nini, na hatukumlazimisha. Mama wa Kibangladeshi alisema hakuwa na nguo. Si kwamba dini inamkataza, ila hajui nguo ya kuogelea inayofaa inanunuliwa wapi, na aliona aibu kuuliza binti zake. Wanawake wawili wanaosafisha ofisi walicheka waliposikia Jumatano saa saba mchana.

Na nywele. Hapa wanawake weusi, Wakaribea na Waafrika, walishika ukumbi kwa nusu saa nzima, na nusu saa ile ilikuwa darasa. Kofia ya kawaida ya kuogelea imetengenezwa kwa kichwa chenye nywele laini zinazolala. Mwenye rasta au misuko minene akiivaa humruka kama ganda la njugu. Kanuni ya bwawa lile ilisema kofia ni lazima. Kwa hiyo, bila neno lolote kuhusu rangi, kanuni iliwaambia wanawake weusi wasije. Klorini hukausha nywele za kipilipili mpaka zikatike, na baada ya kuogelea lazima zioshwe, zitiwe mafuta, zichanwe zikiwa na unyevu, zifungwe. Ni kazi ya dakika arobaini, wakati ratiba ya chumba cha kubadilishia ilitoa kumi na tano. Msuko unaoloweshwa ni saa nyingi na fedha nyingi zilizopotea. Muuguzi yule alisema: "Watu husema weusi hatuogelei kwa sababu ya mifupa mizito. Nendeni mkapime kofia." Bibi wa Barawa aliyekuwa karibu naye alinyoosha mkono, akagusa ncha ya rasta zake baada ya kuomba ruhusa kwa macho, akasema kwa Chimwini kitu ambacho nilikitafsiri hivi: hata sisi tulipakwa mafuta ya nazi kabla ya kuingia baharini.

Kutokana na jioni ile tuliandika mapendekezo, na kila moja lilifungwa kwenye kizuizi, si kwenye kundi. Jina liwe kipindi cha wanawake, basi. Kioo kibandikwe karatasi ya ukungu kabisa, isiyo pazia la kuning'inia. Nguo: kanuni iseme kuhusu kitambaa, si kuhusu umbo. Nailoni au laikra inayobana, iwe ya mikono mifupi au mirefu, yenye kifuniko cha kichwa au bila, inaruhusiwa kwa yeyote saa yoyote. Pamba hairuhusiwi kwa yeyote. Tulinunua seti kadhaa za kuazimisha, zikatundikwa kwenye reli mlangoni ili mtu achague bila kuuliza. Kofia kubwa ziwepo kwa kuazima pia. Muda wa chumba cha kubadilishia uongezwe mpaka saa nzima.

Kuhusu mwokoaji, meneja aliogopa kwamba kutafuta wa kike tu ni ubaguzi katika ajira. Sheria hiyohiyo ina nafasi ya sharti la kazi pale asili ya kazi inapodai jinsia fulani. Tatizo la kweli lilikuwa kwamba waokoaji wa kike walikuwa wachache. Tuliwalipia wasichana watatu wa mtaani mafunzo ya cheti cha taifa. Mtihani wake ni mgumu. Kabla hata ya kuanza lazima uweze kuogelea mita 50 ndani ya sekunde 60. Mmoja alifaulu, mwanafunzi wa chuo wa familia ya Kibangladeshi. Mmoja alitosha kuokoa kipindi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa saa. Bwawa lilitoa nafasi moja tu: Jumapili jioni, kwa muda wa saa moja na nusu, au ibaki Jumatano. Wanaofanya kazi walitaka Jumapili. Mama wenye watoto shuleni walitaka Jumatano, kwa sababu Jumapili jioni ndiyo saa ya kupika, ya wageni, na ya mume kuwa nyumbani akiuliza unakwenda wapi. Tulipiga kura na Jumapili ikashinda. Sijawahi kuwa na uhakika kwamba kura ilikuwa njia ya haki hapo. Waliokuwa wengi ukumbini jioni ile walikuwa ndio wanaoweza kutoka jioni.

Yule bwana wa barua alijibiwa kwa heshima na kwa kirefu: kipindi ni saa moja na nusu katika wiki nzima, kiko wazi kwa wanawake wote, na sababu ni hizi. Hakuandika tena.

Matokeo

Kipindi kipya kilianza Mei 2019. Ndani ya miezi michache wanawake walijaa mpaka tukaweka foleni. Mama wa dera alirudi, akavaa suruali na kanzu fupi ya laikra ya kuazima, ya rangi ya zambarau, na kwa wiki mbili hakuzungumza na mtu. Wiki ya tatu alimfundisha mwenzake namna ya kuivuta juu ikiwa imelowa.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Januari 2020. Bibi wa Barawa aliyekuja kwanza ofisini alikuwa akijifunza kuelea chali. Muuguzi wa Karibea alimshika kisogoni kwa kiganja kimoja na mgongoni kwa kingine. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Alimwambia kwa Kiingereza apumue, naye alijibu bismillahi. Kisha muuguzi akaondoa mkono wa mgongoni, kisha wa kisogo, kidole kimoja kimoja. Bibi alielea. Masikio yake yalikuwa ndani ya maji kwa hiyo hakusikia watu wakimshangilia, na alipoinuka aliuliza kwa nini kila mtu anamtazama.

Chumba cha kubadilishia kiligeuka kuwa mahali penyewe. Ile saa nzima tuliyoiomba kwa ajili ya nywele ilitumiwa na wote. Mama wa saratani alivua mbele ya watu kwa mara ya kwanza pale, na hakuna aliyesema kitu, ila mmoja alisogeza begi lake ampishe nafasi kwenye benchi.

Tulipoteza watu pia. Zaidi ya nusu ya mama wa Kibangladeshi waliojiandikisha kwa Jumatano hawakuja hata mara moja Jumapili. Kanuni ya watoto ilisema mvulana wa miaka 8 na zaidi haingii chumba cha wanawake. Mama mmoja, mlezi peke yake, alifika na mvulana wa miaka tisa asiye na pa kumwacha. Alisimama mapokezini akiwa na taulo mbili mkononi, akageuka. Kanuni ile niliitetea na bado naona ni sahihi, lakini hatukuwa na kiti wala mtu wa kukaa na yule mtoto kwa saa moja na nusu, na hilo lilikuwa ndani ya uwezo wetu. Na wanawake wawili wa Kiingereza waliacha baada ya mwezi, wakisema hawajisikii nyumbani. Niliwatembelea. Mmoja alikuwa na chuki ya wazi na sikuweza kumsaidia. Mwingine alisema tu kwamba hakuna aliyemsalimu, nami nilipofikiria nikaona ni kweli.

Machi 2020 mabwawa yote yalifungwa kwa sababu ya korona. Ya ndani yaliruhusiwa kufunguliwa England tarehe 25 Julai, na letu lilipofunguliwa nafasi zilikatwa kwa simu-janja pekee. Bibi zetu hawakuweza. Kipindi cha wanawake kilirudi baadaye, bila wao.

Uchambuzi

Nikitazama nyuma, kosa lililozaa mengine ni kumhesabu kila mwanamke kwa kitu kimoja. Bibi alikuwa dini, muuguzi alikuwa rangi, na mama wa Kiingereza hakuwa kitu, yaani alikuwa "kawaida". Ofisi ilipotaka kusaidia dini ikamfungia nje mwanamke mweusi. Na kama ingeanza kwa kusaidia rangi, ingemsahau Mwarabu dada wa Mwafrika.

Jambo hili lina jina katika sheria, kwa Kiingereza intersectionality, yaani makutano ya ubaguzi, na lina historia. Mwaka 1976 mahakama ya St. Louis, Marekani, ilisikiliza kesi ya wanawake weusi watano dhidi ya General Motors, kampuni ya magari. Kampuni haikuajiri wanawake weusi kabla ya 1964, na kazi zilipopunguzwa kwa kufuata ukongwe kazini, wao ndio waliotoka. Mahakama ilikataa kuchanganya madai: kampuni iliajiri wanawake, nao ni weupe, iliajiri weusi, nao ni wanaume, basi ubaguzi uko wapi? Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliandika makala akionyesha kwamba mtu anayesimama pale njia mbili zinapokutana hugongwa kutoka pande zote mbili, na sheria inayotazama njia moja moja haimwoni. Uingereza iliandika kifungu cha 14 katika Sheria ya Usawa ya 2010, kuhusu ubaguzi wa sifa mbili kwa pamoja. Kifungu hicho hakikuwahi kuanza kutumika. Kwa hiyo muuguzi wetu, kama angeshtaki, angelazimika kuyatenganisha madai yake: nimefukuzwa kwa sababu ya dini nisiyo nayo, au kofia hainitoshi kwa sababu ya rangi yangu? Siku moja, mlango mmoja, na madai mawili tofauti.

Kilichofaa zaidi ni lile swali la kizuizi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na njia ya pekee ya kujua ni kumwuliza aliyelala aonyeshe alipoumwa. Sehemu kubwa ya kilichoitwa utamaduni ilikuwa kioo, kitambaa, kofia na zamu ya kazi. Sisemi kwamba stara si kitu. Kwa bibi zetu ni ibada, na ingebaki ibada hata kioo kikiondolewa. Lakini ofisi ilitumia neno utamaduni kama mtu anayefunga faili. Ukishasema "ni utamaduni wao", huhitaji tena kupima pazia.

Kanuni ya kitambaa nayo ilitulinda kuliko tulivyojua wakati ule. Mwaka 2022 mji wa Grenoble, Ufaransa, ulibadilisha kanuni za mabwawa yake ili kuruhusu burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili karibu wote, na mwezi Juni Baraza la Dola, mahakama ya juu ya nchi hiyo kwa masuala ya utawala, likathibitisha kusimamishwa kwa kanuni hiyo, likisema ilitungwa ili kutimiza dai la kidini na ikavuruga usawa wa watumiaji. Siikubali hukumu ile. Naona walioumia ni wanawake waliotaka kuogelea tu. Ila inaonyesha jinsi ruhusa iliyoandikwa kwa ajili ya kundi moja inavyovunjika kirahisi. Yetu haikumtaja mtu. Mwogeleaji wa Kiingereza mwenye ugonjwa wa ngozi alivaa mikono mirefu kwa kanuni hiyohiyo.

Kuhusu kofia, tuliliona kuwa jambo dogo la mtaani. Halikuwa dogo. Mwaka 2021, Alice Dearing akijiandaa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki, shirikisho la kimataifa lilikataa kofia iliyotengenezwa kwa nywele nene, kisha likaikubali Septemba 2022. Na hadithi ya "mifupa mizito" hufunika historia nyingine kabisa. Katika miji ya Marekani watu weusi walizuiwa mabwawa kwa sheria na kwa nguvu. Mwaka 1964 huko St. Augustine, Florida, meneja wa hoteli alimwaga asidi kwenye bwawa waandamanaji weusi na weupe wakiwa ndani yake. Mzazi aliyefukuzwa majini hamfundishi mwanawe kuogelea. Muuguzi aliijua historia hii. Meneja hakuijua, na kofia alizokuwa ameagiza zilikuwa za saizi moja.

Yaliyoharibika kwa mkono wangu ni matatu. Nilikubali jina baya kwa sababu lilikuja pamoja na neno ndiyo. Nilimwacha mkalimani asiyefaa aendelee kwa sababu nilihofia kuonekana msumbufu. La tatu nililijua baada ya kila kitu kufungwa. Binti wa mama wa dera, aliyekuwa na miaka kumi na tano, alikuja kurudisha nguo za kuazima. Nilimwuliza kwa nini yeye hakuwahi kuingia majini hata Jumapili moja. Alisema angependa kuogelea na marafiki zake wa shule, siku ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake, akiwa na nguo ndefu kama zile za rangi ya zambarau, na kwamba tangu kipindi cha wanawake kianze nyumbani wamemwambia saa yake ni ile, nyingine hana. Katika ule mkutano wa watu thelathini hatukualika hata msichana mmoja wa umri wake.